"Dohani – mwakani": kipande cha bati kilichoangusha dari ya Mama

Kwenye kipindi cha mwezi uliopita, tulipokuwa tunaongelea nyumba za wazazi, nilitaja harakaharaka kwamba dari ya chumba changu cha utotoni ilianguka kwa sababu ya kipande cha bati kilichooza juu ya dohani. Nilidhani nimepita tu. Kumbe ndicho mlichokishika. Ujumbe mwingi uliokuja ulikuwa wa namna moja: dohani ndiyo nini, bati gani hilo, na nitajuaje kama ya kwetu iko salama? Basi leo naandika yote, pamoja na gharama, na aibu yangu kidogo.

Tuanze na neno. Dohani ni lile bomba, mara nyingi la matofali, linalotoa moshi juu ya paa. Nimefika miaka 34 bila kulijua. Kwetu tulisema "chimni" na maisha yakaendelea. Nilipomuuliza Mama neno lenyewe, alicheka: "Dohani, mwanangu. Kama ya meli." Mama alikulia Tanga mjini, na kwake dohani ni ile ya meli inayoingia bandarini. Baba ni Mpare wa milimani, wilaya ya Same, na jiko la bibi kule halikuwa na dohani kabisa. Moshi ulijitafutia njia wenyewe. Kwa hiyo wazazi wangu walinunua nyumba yenye kitu ambacho mmoja alikijua kwenye meli na mwingine hakuwahi kuishi nacho. Ukilifikiria hilo, yaliyotokea baadaye hayashangazi sana.

"Kidogo" ya Mama

Takoma Park, kwa ambao hamjafika, ni mji mdogo wa Maryland unaopakana na Washington, D.C. Ulianzishwa 1883 kandokando ya reli ili watu wanaofanya kazi mjini wapate pa kuishi, na hadi leo umejaa nyumba za zamani zenye vibaraza mbele, na mialoni mirefu kuliko mapaa. Baba alikuja 1987 kusoma katika chuo cha Waadventista kilichopo hapa hapa, siku hizo kikiitwa Columbia Union College. Kwa Mpare Msabato hapa si mbali kama ramani inavyosema: mwaka 1903 wamisionari Wasabato walifika Upare, na mwaka huo huo makao makuu ya kanisa lao yakaanza kuhamia huku. Mwaka 1996 Baba na Mama wakanunua nyumba iliyojengwa miaka ya 1920.

Ina dohani moja ya matofali, lakini ndani yake kuna njia mbili za moshi. Moja inatoka sehemu ya kuotea moto sebuleni, ambayo hatujaiwasha zaidi ya mara tatu. Nyingine inatoka kwenye boila ya gesi kule besimenti, ambayo inafanya kazi kila siku ya baridi. Zote mbili zinapanda kwenye ukuta wa chumba changu cha zamani.

Januari mwaka huu theluji ilianguka, ikayeyuka, ikaganda tena, halafu mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jumapili asubuhi Mama akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, ukipata nafasi upite. Chumbani kwako kumelowa kidogo."

Ambao mna mama wa Kitanzania mnajua "kidogo" maana yake. Nilipofika, kipande cha dari chenye ukubwa wa meza ya chakula kilikuwa kimelala juu ya kitanda changu. Ukuta wa upande wa dohani ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, rangi yenyewe ikibambuka, na nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi ambao haukuanza wiki ile. Mama alikuwa ameweka ndoo, na amedeki. Alikuwa amedeki siku tatu bila kumwambia mtu.

Hilo la dari lilikuwa baya, lakini halikuwa baya zaidi. Nilipokuwa naondoka kwenda kununua turubai nilikiona king'ora cha kaboni monoksidi pale koridoni kikiwa wazi, hakina betri.

"Mama, hiki mbona hakina betri?"

"Kilikuwa kinapiga kelele tangu juzi. Nikajua betri imeisha, nikaitoa. Nitanunua nyingine."

"Na kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma kidogo."

Kidogo tena. Nilimtoa nje akiwa na koti juu ya kanga, nikapiga 911. Watu wa zimamoto walikuja na vipimo vyao, wakaikuta ile hewa ndani ya nyumba, nyingi zaidi besimenti, wakazima boila, wakafungua madirisha yote. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kichwa kuuma na kizunguzungu ndiyo dalili unazopata, na mtu mzima anayeishi peke yake atadhani ni mafua au uzee. Mama alipelekwa hospitali kuangaliwa, akarudi jioni. Yuko salama. Lakini kama ningesema "nitapita wikiendi ijayo," sijui leo ningekuwa naandika nini.

Siku chache baadaye fundi alipanda juu akatuonyesha picha. Kifuniko cha dohani, ambacho kilikuwepo hata kabla wazazi hawajanunua nyumba, kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikakatika. Nusu yake ilikuwa imeingia ndani ya njia ya boila, imekaa kama kizibo, na juu yake majani ya mwaloni na vipande vya udongo vilivyomomonyoka. Maji yaliingia, moshi ukakosa pa kutokea. Kipande kimoja cha bati, matatizo mawili.

Daftari la Baba

Baba amestaafu. Tangu 2022 anaishi Same sehemu kubwa ya mwaka, kwenye nyumba aliyoijenga kwa miaka mingi. Mama hataki kuhama, kwa sababu ya wajukuu na daktari wake.

Nilikwenda kwenye droo ya Baba kutafuta karatasi za bima, nikakuta daftari lake la hesabu. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilikaa chini nikalisoma lote. Ukurasa baada ya ukurasa: saruji mifuko 40, mabati geji 28, mbao za kenchi, nondo, advansi ya fundi, usafiri wa mchanga. Yote ya Same. Kila Oktoba kulikuwa na mstari mmoja wa nyumba hii ya huku. Mwaka 2010: "T. Park: dohani – mwakani." Mwaka 2011: "T. Park: dohani – mwakani." Na kuendelea hivyo mpaka 2020. Mara 11.

Maana yake alijua. Mwaka 2009 alipanda mwenyewe na ngazi ya kuazima, akakizungushia kifuniko silikoni na waya, mimi nikiwa chini nashikilia ngazi na kulalamika baridi. Aliona kutu kwa macho yake. Na huyu ni mtu ambaye kila tulipoleta alama mbaya kutoka shule alitusomea "usipoziba ufa utajenga ukuta" mpaka tukawa tunaimalizia sisi wenyewe.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nyumba ya Same, ambayo mimi nimelala usiku 19 maisha yangu yote, ina paa jipya, mifereji ya maji ya mvua na tangi la lita 5,000. Nyumba tuliyokulia ilipewa "mwakani". Najua wengi wenu mna hadithi kama hii. Kule kunajengwa, huku kunazibwa na utepe.

Halafu nikajiuliza swali ambalo sikulipenda. Tangu 2020 mpaka leo, ambapo Baba haandiki tena kwenye daftari, nani alitakiwa kuangalia dohani? Mimi naishi dakika 20 kutoka pale. Nimeingia katika nyumba ile kila wiki, nimekula, nimebeba pilau kwenye kopo la aiskrimu nikaondoka, na sijawahi hata siku moja kuinua macho juu ya paa.

Maji yanaingiaje?

Ngoja nieleze jinsi dohani ilivyo, kwa sababu sikujua na nadhani wengi hamjui.

Dohani ya matofali ina bomba la udongo wa kuchoma ndani yake, ndimo moshi unamopita. Juu kabisa, kuzunguka mdomo wa bomba, kuna zege lililomwagwa kwa mteremko ili maji yakimbilie nje. Juu ya mdomo wenyewe ndipo panapokaa kifuniko: bati lililonyanyuliwa kidogo kwa wavu wa waya pembeni. Moshi unatoka pembeni, mvua haiingii juu, na kindi na rakuni wanabaki nje. Kofia tu, ukitaka kuiita hivyo.

Sasa piga hesabu nami. Eneo la Washington hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Njia yetu ya sebuleni ina mdomo wa sentimita 30 kwa 30, na ya boila sentimita 20 kwa 20. Bila kifuniko, hiyo ni takriban lita 130 za maji kwa mwaka zinazoingia moja kwa moja ndani ya nyumba. Ndoo sita na nusu za lita 20. Kama kuna mtu angekuja kila baada ya miezi miwili akamwaga ndoo ndani ya ukuta wa mama yako, ungeita polisi.

Na maji hayo hayatulii. Ndani ya dohani kuna masizi. Maji yakichanganyika nayo yanakuwa na asidi inayokula udongo wa bomba na saruji iliyo kati ya matofali. Kiangazi utasikia harufu kama ya majivu yaliyolowa, hata kama hujawasha moto miaka mingi. Chuma kilichopo chini, pale penye mlango wa kuzuia baridi, kinashika kutu na kukwama. Moshi wa boila ya gesi nao una mvuke mwingi wenye asidi, kwa hiyo njia hiyo inaliwa kutoka pande zote.

Halafu inakuja baridi. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Yakiwa ndani ya ufa wa zege, yanaupanua. Yanayeyuka, yanaingia zaidi, yanaganda tena. Majira ya baridi ya huku hayakai kwenye baridi moja. Yanapanda na kushuka, na hiyo ndiyo inayoua matofali. Ukiona nyuso za matofali zimebanduka kama maganda, ni kazi hiyo.

Kwa nini tunagundua tumechelewa? Kwa sababu maji hayatoki pale yalipoingilia. Yanateremka ndani, yanafuata mbao, yanatokea chumba kingine kabisa, na wewe unamlaumu fundi wa paa. Sisi tulipaka rangi ukuta ule mara mbili.

Kagua ukiwa chini

Tafadhali usipande juu ya paa. Nasema hili kwa kaka zangu hasa. Mambo mengi unayaona kutoka chini kwa darubini au kamera ya simu ukivuta karibu, ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara:

- Je, kifuniko kipo? Usicheke. Upepo huvibeba, na hakuna anayejua.
- Je, kimekaa sawa, au kimeinama upande mmoja?
- Kuna michirizi ya rangi ya chungwa inayoteremka kwenye matofali au ubao? Hiyo ni kutu.
- Wavu umechanika, au umezibwa na majani na masizi? Wavu ulioziba ni hatari kama bomba lililoziba.
- Kuna unga mweupe kwenye matofali? Ni chumvi inayoachwa na maji yanayopita ndani na kukauka nje.

Ndani ya nyumba, angalia dari na kuta zinazopakana na dohani, panda darini na tochi ushike mbao kama zimelowa, na usikilize sehemu ya kuotea moto wakati wa mvua. Ukisikia matone, umeshapata jibu.

Kama wazazi wako wako kwenye nyumba za safu za miaka ya 1980 kule Germantown au Gaithersburg, pengine dohani si ya matofali. Ni sanduku la mbao lililofunikwa ubao wa nje, lenye bomba la chuma ndani, na juu yake bati pana la kufunika sanduku zima. Bati hilo ndilo balaa lenyewe. Mengi yaliwekwa ya kawaida yaliyopakwa zinki, yamebonyea katikati, yanakusanya dimbwi, yanashika kutu na kutoboka. Na chini yake ni mbao. Hapo michirizi ya kutu usiisubirishe hata mwaka mmoja.

Mwisho, boila au tanuri la gesi likiwa linatumia dohani, hakikisha king'ora cha kaboni monoksidi kipo karibu na vyumba vya kulala, na mwambie mzazi wako kwa Kiswahili fasaha: *kikilia, toka nje kwanza, betri baadaye.* Nimemwandikia Mama karatasi, nimeibandika chini ya king'ora.

Kifuniko gani?

Fundi alituwekea mezani aina nne. Bati lililopakwa zinki ni rahisi kuliko yote, na ndilo lililokuwa juu kwetu. Zinki ikishakwisha, kutu inaanza. Aluminiamu haishiki kutu lakini ni laini, na haipendi moto mkali. Shaba inapendeza na inadumu, lakini ukisikia bei unakaa chini. Iliyobaki ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, na ndiyo tuliyochukua. Ukiuliza, waambie unataka geredi 304. Kama dohani ina njia mbili karibu karibu kama yetu, kuna kifuniko kimoja kikubwa kinachofunika zote pamoja na sehemu kubwa ya zege. Hicho kinalinda zaidi kuliko vikofia viwili vidogo.

Kwa zile za sanduku la mbao, bati jipya lisiwe bapa. Liwe na mteremko au mikunjo ya msalaba ili maji yasikae, na ukingo wake uning'inie nje ili matone yaanguke mbali na ubao. Linatengenezwa kwa vipimo vya nyumba yako, kwa hiyo anayekuuzia bila kupima, achana naye.

Mambo mawili zaidi. Skrubu ziwe za stenlesi pia. Nimeona kifuniko kizuri kimeanguka kwa sababu skrubu zake zilioza. Na kama zege la juu limepasuka, lirekebishwe siku hiyo hiyo. Kofia mpya juu ya kichwa kilichopasuka haisaidii.

Kabla hujatoa hela

Mtu wa kwanza kuja hatukumwita. Aligonga mlango wiki moja baada ya tukio, akamwambia Mama kwamba anafanya kazi jirani na ameona dohani yetu "itaanguka leo au kesho." Alitaka dola 7,500 kuibomoa na kuijenga upya, nusu siku hiyo hiyo, taslimu. Mama alikuwa ameshatoa kitabu cha hundi. Ni ile heshima yetu: mgeni amefika, amepewa chai, utamwambiaje hapana?

Kwa hiyo mnaoishi Maryland, shikeni haya. Mtu yeyote anayefanya matengenezo ya nyumba kwa malipo lazima awe na leseni ya tume ya jimbo, Maryland Home Improvement Commission, kifupi MHIC, na namba ya leseni lazima iwe kwenye mkataba. Unaweza kuihakikisha mtandaoni kwa dakika mbili. Sheria hairuhusu achukue zaidi ya theluthi moja ya bei kama malipo ya awali. Anayedai nusu ameshavunja sheria kabla hajapanda ngazi. Ukifanya kazi na mwenye leseni akakuharibia, upo mfuko wa jimbo wa kuomba fidia. Ukimlipa asiye na leseni, mfuko huo haukuhusu.

Kwa dohani hasa, uliza kama fundi ana cheti cha CSIA, chama kinachofundisha na kupima wakaguzi wa dohani nchini Marekani. Kiwango cha taifa cha NFPA 211 kinasema dohani ikaguliwe kila mwaka, hata kama huwashi moto. Na ukinunua nyumba, omba ukaguzi wa daraja la pili, ule wa kupitisha kamera ndani ya bomba. Wazazi wetu 1996 hawakujua kuomba.

Sehemu ya Takoma Park ni eneo la kihistoria, na ukitaka kubadilisha sura ya nje ya nyumba, mfano kubomoa dohani au kuifupisha, unahitaji kibali cha kaunti ya Montgomery. Kubadilisha kilichochakaa kwa cha namna ile ile ni jambo dogo, lakini piga simu uulize kwanza.

Kuhusu bima: tuliambiwa hapana. Bima za nyumba kwa kawaida hulipa maafa ya ghafla, kama mti kuangukia paa, si maji yaliyokuwa yanaingia polepole kwa miaka. Mkaguzi aliangalia ule ukungu nyuma ya kabati na hakuhitaji kuangalia kingine.

Hesabu yetu ya mwisho hii hapa. Dari, ukuta na kuondoa ukungu: dola 5,900. Kusafisha njia ya boila na kuingiza bomba jipya la chuma ndani: dola 2,400. Kifuniko chenyewe, cha stenlesi, pamoja na kukifunga: dola 640. Jumla 8,940. Mimi na dada yangu tumegawana. Sikuandika "mwakani" popote, lakini kadi yangu ya benki imelia.

Wageni wa Aprili

Fundi alituambia kitu kimoja ambacho sikukitarajia: kama tunafunika ile njia ya sebuleni, tufanye kabla ya Aprili. Kuna ndege wadogo weusi, wanafanana na mbayuwayu, ambao hukaa majira ya baridi Amerika Kusini na kurudi huku kila mwaka kutaga ndani ya dohani. Hawawezi kutua kwenye tawi kama ndege wengine. Wananing'inia kwenye ukuta kwa kucha. Wanalindwa na sheria ya ndege wanaohama ya mwaka 1918, kwa hiyo wakishatengeneza kiota chenye mayai au makinda, huruhusiwi kuwagusa. Unasubiri mpaka waondoke mwishoni mwa kiangazi.

Mama alikumbuka. "Wale walikuwa wanaimba ukutani kila mwaka? Mimi nilidhani ni panya wa Kimarekani."

Siku yenyewe

Kazi ilifanyika katikati ya Machi, siku ya Jumatano, kwa sababu Jumamosi Mama hataki hata kusikia nyundo. Walikuja mafundi wawili, baba na mwanawe kutoka El Salvador. Walisafisha, wakaziba nyufa za zege, wakafunga kifuniko. Saa tatu kwa jumla. Mama aliwapikia maandazi, wakala yote.

Nilimpigia Baba kwa video. Huku saa 2 asubuhi, kule saa 9 alasiri, amekaa nje kivulini.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Wamepanda?"

Nikageuza simu. Aliangalia kimya muda mrefu, halafu akasema skrubu za upande wa kushoto ni chache. Fundi akaongeza mbili, sijui kwa adabu au kwa sababu alikuwa sahihi.

Baadaye mafundi walipoondoka nilimwambia nimeona daftari. Sikutaka kugombana, nilitaka tu ajue. Alinyamaza. Kisha akasema: "Nyumba ya huku niliijenga mwenyewe. Kila msumari naujua, kwa hiyo kila mwaka naona kinachotakiwa. Ya huko nilinunua. Ukinunua nyumba ya mtu unadhani alishamaliza."

Halafu akasema, "Mwambie mama yako pole. Hapana, mpe simu nimwambie mwenyewe."

Niliwaachia simu nikatoka nje. Sijui waliongea nini.

Sijaacha kufikiria alivyosema. Mimi pia nilidhani nyumba ile ilishamaliza kuwa nyumba. Kazi yangu ni kwenda kula tu. Sisi tuliozaliwa huku tunapenda kusema wazazi wetu waliweka roho kule na mwili huku. Sawa. Lakini sasa wao ni wazee, ngazi iko kwetu, na nyumba hii ndiyo Mama anayolala.

Daftari nimelichukua. Oktoba hii nitaandika mstari wangu wa kwanza: "T. Park: dohani imekaguliwa," na tarehe. Wewe ukienda kwa wazazi wikiendi hii, kabla hujavua viatu, rudi hatua kumi barabarani uangalie juu. Ukiona michirizi ya kutu, tutumie picha. Na wakikuambia ni kidogo, usiwaamini.